Mpole na Mbea

Mkaguzi alikuwa na jicho. Hilo hata wale waliomnunia pale kiwandani walilikubali. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mwisho wa mstari wa vigae, mahali vinapofika vikiwa bado na ujotojoto wa tanuri, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutazama. Kigae kikifika mbele yake alikiinamia, akakigonga kwa ukucha na kusikiliza, akakiweka ubavuni mwa kigae mama, yaani kile kimoja cheupe ambacho vingine vyote vilitakiwa kufanana nacho, halafu akatamka neno moja. "Kinapita." Au: "Hakipiti." Hakuna meneja aliyewahi kumbembeleza akabadili neno, na wapo waliojaribu.

Nyumbani nako jicho halikupumzika. Akitumwa kununua kijiko, hanunui mpaka ashike viwili. Mkewe alikuwa na hadithi aliyoirudia kila walipokuja wageni: kwamba siku Mkaguzi alipokwenda kwao kuposa, alimtazama yeye, akamtazama dada yake mkubwa, kisha akarudisha macho kwake na kuitikia kwa kichwa, taratibu, peke yake. "Nikajua nimepita," husema. "Na dada yangu mpaka leo ana kinyongo."

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba chenye cherehani nyeusi, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja kujitazamia, na kalenda yenye picha ya bibi harusi ambayo mwaka wake ulikwisha pita zamani, lakini bibi harusi mwenyewe bado alikuwa anapendeza. Ungemwona Fundi kazini ungemvulia kofia. Alikata kitambaa bila kuchora, mkasi ukiteleza kama unaijua njia, na aliweza kubana pini saba midomoni na bado akamwambia mteja kwamba amenenepa.

Sasa Fundi huyu alikuwa na uvimbe mbele ya sikio la kushoto. Ulianza ukiwa kama punje ya mahindi, ukafikia ukubwa wa kifungo cha koti. Daktari wa upasuaji aliwaeleza bila kuzungukazunguka: si ugonjwa mbaya, lakini lazima utoke, na katikati yake unapita mshipa wa fahamu, ule unaochezesha uso. "Nitaupita pembeni kwa uangalifu wote," alisema. "Lakini nisiwadanganye. Upande huo wa mdomo unaweza kulegea. Kwa miezi, au moja kwa moja." Akawapa tarehe: Jumanne, wiki mbili zijazo.

Fundi hakulia. Walipofika nje ya geti la hospitali aliuliza jambo moja tu: "Sasa mdomo ukipinda, pini zangu nitabania wapi?"

Mkaguzi alikuwa anafikiria kicheko cha mkewe. Kicheko hicho kilianzia mabegani. Kisha pembe ya kushoto ya mdomo ilipanda, ya kulia ikachelewa kidogo na kufuata mbiombio, fizi zikatokeza, macho yakazama yasionekane. Hakikuwa kicheko cha kupimwa kwa kigae mama chochote. Na hapohapo, kabla mtu hajakifaidi, mkono wa kulia ulikuja kukifunika. Shuleni watoto walimwita Mafizi, akajifunza kuziba mdomo akiwa na miaka tisa, na mkono haukusahau tena. Miaka thelathini ya ndoa Mkaguzi alikiona kicheko hicho kwa kuibia, kupitia vidoleni.

Picha za Fundi zilikuwapo ukutani. Ya harusi, ya kila mtoto alipozaliwa, ya kila mtoto alipoolewa au kuoa na kuhamia mbali. Katika zote Fundi alikuwa amefunga mdomo na kukaza shingo, uso wa kitambulisho. Ukizitazama hizo utadhani ni mwanamke mkali asiyependa watu. Mkaguzi alizipita zote jioni hiyo, moja baada ya nyingine, akaona aibu. Yeye, mtu wa jicho, alikuwa ameacha kitu bora kuliko vyote nyumbani mwake kipite bila kuandikwa popote. Akakata shauri: kabla ya Jumanne ile, kicheko kiwe kwenye picha.

Simu yake haikufaa. Lenzi yake ilikuwa imekwaruzika, na picha zilitoka kana kwamba zimepigwa ndani ya maziwa. Akaenda kwenye duka la kamera karibu na kiwanda. Mwenye duka, mama mmoja aliyefunga miwani yake kwa uzi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati na kumwekea kamera mbili ndogo juu ya kaunta, kila moja ya kuenea kiganjani.

"Kwa picha za kila siku ni hizi tu, baba. Nyingine zote utakuwa unabeba mzigo."

"Ipi bora?"

"Inategemea jicho la anayeuliza."

Mkaguzi akaipenda hiyo. Akashika moja, akashika nyingine, akarudia, mpaka wateja wawili wakaja na kuondoka. Mama yule akacheka. "Nenda nazo zote. Wiki moja. Sakafu hii ninayoikanyaga ulinichagulia wewe na haijawahi kupasuka hata kigae kimoja. Utakayoikataa irudi bila mkwaruzo."

Ndivyo kamera mbili zilivyoingia nyumbani kwa Fundi siku ya Jumatatu, kila moja ndani ya soksi safi ya mumewe.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi tii, haina urembo wowote. Haikuweza kuvuta vitu vya mbali. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, unakisogelea kwa miguu yako mwenyewe. Ukibonyeza kitufe husikii chochote. Lakini chumbani, mahali penye mwanga wa dirisha moja, iliona kila kitu: uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, vumbi la chaki kwenye kidole, na rangi ya ngozi kama ilivyo, wala haikuiongezea wala kuipunguzia. Mkaguzi alipoitazama picha ya kwanza ya mkono wa mkewe aliirudia mara tatu. Hakujua kitu kidogo namna hiyo kinaweza kuwa na adabu kiasi hicho.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha. Ukiiwasha, lenzi ilitokeza na kutokeza tena, ikamleta jirani wa ng'ambo ya barabara mpaka puani pako. Ilikuwa na mlio kila inapopiga, kra, na ukishikilia kitufe ilipiga mfululizo, kra-kra-kra-kra. Ilikuwa na kijiboksi cha njano kilichorukaruka kwenye skrini kikitafuta nyuso za watu. Na skrini yenyewe iliweza kuinuka, ukaitazama kwa juu kama unatazama ndani ya sufuria, au ikageuka kabisa ukajitazama mwenyewe. Upungufu wake ulikuwa mwanga hafifu. Humo picha zake zilitoka chengachenga, na nyuso zikawa nyekundu kama za watu waliotoka kugombana.

Fundi alizipima kwa siku moja tu na kuzipa majina. "Huyu mweusi ni Mpole," alisema. "Anaona, ananyamaza. Huyu mwingine ni Mbea. Anachungulia ng'ambo, anapiga kelele, na hawezi kuona uso wa mtu akaupita." Kuanzia hapo hakuna aliyesema tena kamera hii na kamera ile.

Mkaguzi alifungua daftari la mistari na kulikata katikati. Kushoto Mpole, kulia Mbea. Rangi, wepesi, betri, mkamato wa mkono, usikivu wa kitufe. Alimpa Mpole sifa alizostahili, tena kwa maneno yasiyo ya kawaida yake: "Mkweli. Hana haraka. Ningependa kufanya naye kazi." Mbea naye hakumnyima haki: "Mchangamfu. Mkono ukitetemeka yeye hatetemeki. Jirani ana kifungo kilicholegea, nimekiona toka hapa." Lakini alipofika kwenye skrini inayogeuka aliandika: "Mbwembwe. Sifuri."

Kisha akafanya kosa ambalo lisingefanywa na mtu mwingine yeyote mtaani pale. Aliona kwamba ili ushindani uwe wa haki, lazima kila kitu kiwe kilekile: mwanga uleule, kiti kilekile, umbali uleule, uso uleule. Akapima hatua kwa futikamba ya mkewe, akabandika utepe sakafuni, akaleta kutoka kiwandani kigae mama, kwa ruhusa na sahihi, akamkalisha Fundi mbele ya ukuta akikishika chini ya kidevu ili rangi zilinganishwe.

"Usitikisike," akasema.

"Si ulitaka nicheke?"

"Utacheka baadaye. Kwanza tulia."

Akapiga kwa Mpole, akapiga kwa Mbea. Asubuhi, mchana, jioni kabla ya taa. Kufikia Ijumaa alikuwa na picha mia mbili na kumi na nne, zote kali, zote safi, na zote za mwanamke aliyekaza shingo akiwa ameshika kigae. Alikuwa ametengeneza uso wa kitambulisho ulio bora kuliko zote duniani. Katika tisa kati yake hata huo uso haukuwamo vizuri, kwa sababu kijiboksi cha njano cha Mbea kiliruka kikamkamata bibi harusi wa kwenye kalenda, Fundi akatoka na ukungu. Mkaguzi akamkata Mbea alama mbili: "Hutazama yasiyomhusu."

Alijaribu njia nyingine pia, mtu asije akasema alikaa tu. Alimsimulia mkewe vichekesho vya kiwandani, lakini alivisimulia kwa kuhesabu hatua zake mpaka utepe, na mcheko ukaishia kwa Fundi kumwonea huruma. Alijificha uani na Mbea, akaivuta lenzi mpaka dirishani, akamwona mkewe akishona kwa mikono yote miwili, mdomo wazi kabisa bila mkono wa kuufunika. Mdomo huo ulikuwa na pini saba. Mteja mmoja aliyekuwa akivaa nyuma ya pazia alimwona mtu mwenye lenzi ndefu kwenye ua na kupiga yowe, na Mkaguzi alilazimika kuomba radhi kwa nusu saa akiwa amesimama mbali na dirisha.

Ijumaa jioni alijumlisha. Mpole arobaini na moja, Mbea thelathini na tatu. Mshindi amepatikana, kicheko hakuna. Alilifunga daftari, akakaa nalo magotini. Zilikuwa zimebaki siku nne, na alijua kabisa kwamba anaogopa. Kulegea kwa mdomo wa mkewe angekuzoea, hilo hakuwa na shaka nalo. Alichoogopa ni kusahau. Aliogopa kwamba baada ya miaka miwili mitatu ataulizwa na mjukuu, bibi alikuwa anachekaje, naye atabaki anachezesha mikono hewani.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Chumba cha mbele kilikuwa na giza la mvua, lile la kuwasha taa au kutoiwasha, na Mkaguzi hakuiwasha kwa sababu siku nyingine zote hakuiwasha. Fundi alikuwa amekaa penye utepe, kigae chini ya kidevu, uvimbe wake upande wa dirisha. Mkaguzi alikuwa na Mpole mkononi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Dada Mkubwa, yule yule wa siku ya posa, akitiririka maji, mwavuli umegeuka nje ndani. Akasimama. Akamtazama mdogo wake, akatazama kigae, akatazama futikamba iliyoning'inia ukutani.

"Shemeji," alisema taratibu, "amekamatwa kwa kosa gani?"

Mabega ya Fundi yakaanza kutikisika. Mkaguzi aliyaona, akamwinua Mpole. Pembe ya kushoto ikapanda. Akabonyeza. Mpole, kwa ule upole wake, alichukua nukta moja ya kutafakari katika giza lile, na nukta hiyo ilimtosha Fundi kuachia kigae kiangukie mapajani na kuuleta mkono. Picha ilipotokea kwenye skrini, ilikuwa ni picha nzuri ajabu ya vidole vinne.

Hapo ndipo mazoea ya miaka ishirini na sita yalipomponza. Akaiweka Mpole mezani, akaichukua Mbea, na kwa sauti ileile ya kiwandani akasema:

"Haya, rudia. Sasa kwa huyu."

Dada Mkubwa akaishika fremu ya mlango. "Rudia? Arudie kucheka?"

"Kwa huyu wa pili," akaeleza Mkaguzi, "ili tulinganishe."

Wale wanawake wawili waliangua kicheko mpaka cherehani ikatikisika. Dada Mkubwa alikaa chini na mwavuli wake. Fundi alijaribu kusema kitu mara tatu, mkono mdomoni, machozi yakimtoka. Mkaguzi akasimama katikati yao na Mbea mkononi, akiona anachekwa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki akaona pia kwamba anastahili.

"Lete hapa," Fundi alisema alipopata pumzi. "Nimechoka kuwa kigae. Leo kigae ni wewe." Akamnyang'anya Mbea, akamsukumia mumewe kwenye kigoda kifupi cha wateja, mgongo wake kwenye kioo kirefu, akamtia kigae mama mikononi. "Chini ya kidevu. Usitikisike."

Mkaguzi akakaa. Akakaza shingo, akafumba mdomo.

Fundi hakuwahi kushika kamera maishani mwake, lakini mikono yake ilikuwa mikono ya kazi. Aliigeuza mara mbili, akaiona skrini inayoinuka, akaiinua kama anavyoinua mguu wa cherehani, akaishusha mpaka tumboni na kuitazama kwa juu. "Aaa, hivi ndivyo," alisema. Aliishika kwa mikono yote miwili, sawasawa kabisa, kwa namna mtu anavyobeba bakuli lililojaa mpaka pomoni.

"Shemeji," Dada Mkubwa alisema toka sakafuni, "huo ndio uso uliokuja nao kuposa. Baba alituuliza jikoni, huyu amekuja kuoa au kukagua paa?"

Fundi akainua kichwa na kucheka.

Mkaguzi aliona kila kitu. Mabega, kisha pembe ya kushoto, kisha ya kulia ikifuata mbiombio, fizi, macho kuzama. Alisubiri mkono uje. Haukuja. Mikono yote miwili ilikuwa imemshika Mbea, na Fundi, ambaye hajawahi kuangusha kitu cha mtu, hakuthubutu kumwachia. Kicheko kilikaa wazi mbele yake, kizima, bila vidole, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukiona tangu amwoe. Kidole cha Fundi kilikuwa kimeganda kwenye kitufe, na Mbea akawa anapiga kra-kra-kra-kra-kra. Mkaguzi alisahau kamera, akasahau daftari, akasahau hata Jumanne. Alikaa na kigae chini ya kidevu, akawa anamtazama mkewe tu, naye alikuwa mzuri kupita kiasi.

Akili ilimrudia baadaye, Dada Mkubwa alipoondoka na mvua ikakatika. Kicheko kilikuwa kimekuja na kupita, na kamera ilikuwa upande usiofaa. Mpiga picha hayumo kwenye picha. Chakula cha usiku hakikumshuka.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alikaa karibu na dirisha azifute zile picha za Mbea kabla hajairudisha dukani. Zilikuwa kumi na saba. Ya kwanza: Mkaguzi, kigae, uso wa kuposa. Ya pili vilevile. Akawa anafuta na kusonga. Ya kumi ilikuwa imeinuka kidogo, maana mwenye kucheka mikono yake hupanda. Ya kumi na moja alikuwa na kidole tayari kwenye kitufe cha kufuta alipoona kwamba yeye mwenyewe ametoka na ukungu. Paji la uso, masharubu, kigae, vyote ukungu. Kijiboksi cha njano kilikuwa kimemwacha. Mbea, kwa ule umbea wake, aliona uso mwingine juu ya kichwa chake, ndani ya kioo, akaufuata huo.

Akaikuza picha.

Fundi alikuwa amesimama ndani ya kioo, kamera tumboni, kichwa kimerudi nyuma, anacheka kwa uso wake wote. Picha ilikuwa imelalia upande. Ilikuwa na chengachenga tele na rangi imezidi wekundu. Kwa kipimo chochote cha daftari lile haikupita hata mstari mmoja. Mkaguzi aliitazama mpaka macho yakamwuma, na alipoinua uso alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima mwenye masharubu yaliyo sawa pande zote mbili.

"Umeona nini?" Fundi aliuliza toka kwenye meza ya kukatia.

"Nimekuona wewe. Njoo."

Fundi alisogea hatua mbili, kisha akasimama. Akashika uvimbe wake kwa ncha ya kidole. "Niwekee," alisema. "Nitaiona nikirudi."

Jumatatu Mkaguzi alifika dukani na soksi moja. Mama mwenye miwani ya uzi akaipokea, akaichungulia. "Umemrudisha mweusi? Nilidhani mtu kama wewe angemchagua huyu."

"Ndiye aliyeshinda. Alama arobaini na moja."

"Sasa?"

"Sasa nabaki na mbea." Akamsifu Mpole mbele yake kwa haki zote, jinsi anavyoona gizani na kutoongeza neno, kisha akaomba achapiwe picha ya kumi na moja. Mama yule alipoiona kwenye mashine hakuuliza tena. Aliichapa kwenye karatasi nzito na kuifunga mwenyewe.

Upasuaji ulichukua saa tano. Uvimbe ulitoka wote. Mshipa wa fahamu haukukatika, daktari alisema, lakini ulivutwa, na ni mshipa wenyewe utakaoamua. Fundi alirudi nyumbani na upande wa kushoto umelala. Chai ilimtoka pembeni. Pini hazikukaa. Wateja waliingia na kutoka, naye akawapima kwa mtandio uliofunika nusu ya uso, akiongea kwa kifupi. Hakucheka, hata Dada Mkubwa alipokuja na maneno yake yote. Kile chumba kikawa na mlio wa cherehani tu, na Mkaguzi, aliyezoea makelele ya kiwanda, aliona kimya hicho kizito kuliko tanuri.

Siku ya kumi Fundi aliiomba picha. Aliitazama peke yake, mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa ameibana kwa pini mbili juu ya bibi harusi wa kalenda.

Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alikuwa amempa kazi: mbele ya kioo, mara tatu kwa siku, inua pembe, vuta shavu, tamka a, tamka u. Kioo kirefu Fundi alikikataa, kilimwonyesha mtu mzima mzima. Alimchukua Mbea, akageuza ile skrini mpaka ikamtazama usoni, akamweka juu ya cherehani, akawa anafanya mazoezi humo, uso mdogo wa kuenea kiganjani, mtu anaweza kuustahimili. Mkaguzi alimwona hivyo siku moja akipita na ndoo. Alikwenda chumbani, akatoa daftari, akafuta ile sifuri.

Ikapita miezi mitatu na nusu. Asubuhi moja ya Jumapili, Fundi alimwita mumewe kwenye meza ya kukatia. Alikuwa hana mtandio. Juu ya meza palikuwa na picha mbili, ubavu kwa ubavu, jinsi kigae kinavyowekwa na kigae mama. Moja ni ile ya kioo. Nyingine ilikuwa mpya, na ilikwisha chapwa. Alikuwa amekwenda dukani mwenyewe bila kumwambia mtu.

"Mkaguzi," alisema. Mdomo bado ulikokota neno kidogo. "Kaa. Tazama. Na usinionee huruma, nitajua."

Akakaa. Akainama kama anavyoinama mwisho wa mstari. Picha mpya ilikuwa ya Fundi akiwa anacheka, amekaa kwenye kigoda cha wateja, mwanga wa dirisha umemwangukia vizuri. Fizi zilikuwapo. Macho yalizama. Pembe ya kulia ilikuwa imepanda juu kabisa na ya kushoto ilikuwa imefika nusu ya njia ikakwama, na uso mzima ukalalia upande. Mkaguzi alirudi kwenye ile ya kwanza, akaenda ya pili, akarudi. Hakuwahi kusema uongo juu ya meza ya kukagulia na hakuwa na mpango wa kuanzia kwa mkewe.

"Hazifanani," alisema.

"Najua hazifanani, nina macho. Sikukuuliza hilo."

Akainama tena. Kuna kitu katika ile mpya kilikuwa kinamsumbua tangu mwanzo, na hakikuwa mdomo. Alitafuta, akakipata sehemu ya chini ya picha.

"Nani aliyekupiga?"

"Mbea. Nilimtegesha juu ya cherehani, nikaenda kukaa. Nilikumbuka ule uso wako na kigae."

"Ina maana hukuwa umeshika kitu."

"Nishike nini?"

Mkaguzi aliweka kidole kwenye picha. Mikono ya Fundi ilikuwa mapajani, yote miwili, imefunguka, haina kazi yoyote. Hakuna uliokuwa umeanza kuinuka.

Aliitazama hiyo mikono kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote. Kisha akalitoa neno lake, kama alivyolitoa maelfu ya mara.

"Inapita."

Fundi akacheka, mdomo umepinda, wazi, mbele yake, na mikono akaiacha pale pale mezani.